Mwongozo kamili: Kupima jinsi sehemu za seli zinavyoamua kazi ya dawa kwa sodiamu inayovuka ngozi ya chura

Tia amiloridi, dawa inayoziba mifereji ya sodiamu, upande wa nje wa ngozi ya chura, na mkondo wa umeme unaobebwa na sodiamu inayovuka unaanguka papo hapo. Tia dawa hiyohiyo, kwa kiwango kilekile, upande wa ndani, na kwa dakika kadhaa hutaona badiliko la maana. Uabaini, inayozima pampu ya sodiamu, ni kinyume chake: nje haina nguvu, ndani inauzima mkondo wote polepole. Kolkisini nayo, inayovuruga kiunzi cha seli, ukiitia asubuhi na kusoma mita baada ya dakika kumi, utaandika kwamba haina athari yoyote, na utakuwa umekosea.

Dawa haifanyi kazi juu ya "ngozi" kwa ujumla. Inafanya kazi juu ya kipande kimoja cha seli: mfereji, pampu, uzi wa kiunzi, kiini. Ni lazima ifike pale kilipo, ikitokea upande unaofaa, na ipewe muda unaoihitaji. Ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wa fiziolojia na famasia, na walimu wanaoendesha maabara zenye vifaa vichache, kwa sababu jaribio hili bado ni mojawapo ya njia za wazi kabisa za kuona seli hai ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Ilikoanzia

Mwaka 1848 Mjerumani Emil du Bois-Reymond aliona kwamba ngozi ya chura iliyobanduliwa ina volteji kati ya uso wake wa nje na wa ndani. Mwaka 1937 August Krogh wa Copenhagen akaonyesha kwamba chura aliyepungukiwa chumvi huifyonza kupitia ngozi, hata kutoka kwenye maji yenye chumvi kidogo mno. Mambo hayo mawili yaliunganishwa barabara mwaka 1951 na Hans Ussing na Karl Zerahn, wa Copenhagen pia. Waliweka mmumunyo wa aina moja pande zote mbili za ngozi, kisha wakapitisha mkondo kutoka nje mpaka volteji ikawa sifuri. Hapo hakuna tofauti ya ukolezi wala ya umeme inayoweza kusukuma ioni yoyote. Mkondo unaobaki ni kazi ya seli zenyewe. Walipofuatilia sodiamu kwa isotopu zenye mnururisho, waligundua kwamba mkondo huo, unaoitwa mkondo wa mzunguko mfupi, unalingana na sodiamu inayosafirishwa kutoka nje kwenda ndani.

Mwaka 1958 Valborg Koefoed-Johnsen na Ussing wakatoa ramani tunayoitumia hadi leo: utando wa nje wa seli unapitisha sodiamu, utando wa ndani unapitisha potasiamu na ndiko iliko pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu. Pampu yenyewe ilikuwa imeelezwa mwaka mmoja kabla na Jens Christian Skou wa Aarhus, aliyeichunguza kwenye mishipa ya fahamu ya kaa. Skou alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1997.

Ijue njia kabla ya kushika dawa

Ngozi ya chura ina tabaka kadhaa za seli juu ya tishu unganishi yenye tezi. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa, ambazo chura huzibambua kila baada ya muda. Chini yake tu ndiko liliko tabaka la kwanza la seli hai, na hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Uso wake wa nje una mifereji ya sodiamu inayozibwa na amiloridi. Seli zake zimeshikana kwa viungio vilivyobana vinavyozuia ioni kupenya katikati ya seli na seli. Kutoka hapo kwenda chini, seli zinawasiliana kwa vipenyo vidogo, hivyo sodiamu iliyoingia juu inasambaa hadi seli za chini na kutolewa na pampu zilizotapakaa kwenye tando zinazotazama ndani.

Ndani ya seli kuna vitu vinne vya kuzingatia. Mitokondria hutoa nguvu: vipimo vya miaka ya 1950 vilionyesha kwamba kwa kila molekuli moja ya oksijeni ya ziada, ngozi husafirisha takriban ioni 18 za sodiamu. Kiini hupokea ujumbe wa homoni za steroidi kama aldosteroni. Maikrotubuli ni nyuzi ndefu za protini ya tubulini ambazo vifuko vya seli husafiri juu yake kama mabehewa juu ya reli. Nyuzi za aktini zimejaa chini ya utando wa nje na zimefunga mshipi kuzunguka kila seli, palepale kwenye viungio vilivyobana. Maikrotubuli na aktini kwa pamoja ndiyo kiunzi cha seli.

Hatua ya 1: Kibali na mnyama

Anza na kamati ya maadili ya chuo chako. Kwa wanyama waliokamatwa porini, Kenya utahitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi (NACOSTI) na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Tanzania cha tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH) na taasisi ya utafiti wa wanyamapori (TAWIRI). Chagua spishi ya kawaida, tele katika eneo lako, iliyotambuliwa na mtu anayezijua. Vyura wa jenasi Nectophrynoides wa milima ya Tanzania wasiguswe kabisa: jenasi yote imo katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Chura azimishwe kwa dawa ya usingizi, kisha ubongo na uti wa mgongo viharibiwe na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Mwanafunzi asijifunzie kwa mnyama aliye macho. Usitumie chura anayebambua ngozi wakati huo, maana upitishaji wa sodiamu hubadilika sana katika kipindi hicho.

Hatua ya 2: Mmumunyo

Kwa lita moja ya maji yaliyosafishwa: kloridi ya sodiamu gramu 6.72, bikaboneti ya potasiamu gramu 0.25, na kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji gramu 0.147. Hiyo ni milimola 115, 2.5 na 1 kwa mpangilio huo. Kalsiamu iwe ya mwisho, baada ya vingine kuyeyuka, la sivyo itaganda na bikaboneti. Pitisha hewa ya kawaida kwa nusu saa. pH itatulia karibu na 8.1. Glukosi ya milimola 5 inasaidia majaribio yanayodumu saa nyingi, na majaribio ya kiunzi cha seli ni ya aina hiyo.

Hatua ya 3: Andaa chemba bila ngozi

Chemba ya Ussing ni vyumba viwili vyenye tundu la kukutania, na ngozi hukaa kama ukuta kati yao. Kila chumba kina elektrodi mbili za fedha iliyopakwa kloridi ya fedha, zilizounganishwa na mmumunyo kwa mirija ya agari. Mirija ya kupimia volteji ikae karibu kabisa na ngozi. Ya kupitishia mkondo ikae mbali, ili mkondo uenee sawasawa juu ya eneo lote.

Jaza mmumunyo pande zote, washa mapovu ya hewa, na usawazishe elektrodi mpaka zisome sifuri. Kisha pima ukinzani wa mmumunyo wenyewe na uufidie kwenye klampu ya volteji, yaani kifaa kinachopitisha mkondo ili volteji ibaki pale ulipoiweka. Wengi huiruka hatua hii. Ukiiruka, volteji unayodhani ni sifuri kwenye ngozi haitakuwa sifuri, na kosa hilo litakua kadiri mkondo unavyokua, yaani hasa pale unapotia homoni.

Joto lisibadilike. Nyuzi 20 hadi 22 zinafaa. Mombasa au Dar es Salaam hiyo ina maana ya chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa tangu asubuhi, au maji ya kupoza yanayozunguka chemba.

Hatua ya 4: Ngozi

Bandua ngozi ya tumbo kwa kukata nyuzi nyembamba zinazoishika, bila kuivuta. Ikate katikati kwa urefu upate nusu ya kushoto na ya kulia. Hilo ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika mpango mzima: vyura hutofautiana mno, lakini nusu mbili za tumbo moja hufanana. Nusu moja hupata dawa, nyingine hupata kiyeyushi pekee.

Weka alama upande wa nje mapema. Paka silikoni laini ukingoni mwa tundu, kwa kuwa ukingo unaokandamiza ngozi huua seli na kufungua mianya. Soma volteji kabla ya kuwasha klampu: ngozi nzuri hutoa makumi ya milivolti, upande wa ndani ukiwa chanya. Ikiwa iko chini ya milivolti 20 hivi, mimi huitupa. Washa klampu kwa volteji sifuri na usubiri mpaka mkondo utulie, kwa kawaida kama saa moja.

Kila dakika moja au mbili tuma mpigo mfupi wa milivolti 10. Mpigo ukibadilisha mkondo kwa mikroampea 5 kwa sentimita ya mraba, upitishaji umeme wa ngozi ni milisimensi 0.5 na ukinzani ni omu 2000 kwa eneo hilo. Utaihitaji namba hii baadaye, zaidi ya unavyofikiri.

Hatua ya 5: Dawa zenye anwani iliyo wazi

Zoeza mkono kwa dawa mbili ambazo mahali zinapofanyia kazi panajulikana bila shaka.

Amiloridi, mikromola 10 hadi 100, upande wa nje. Mkondo huporomoka mara moja kwa sababu dawa inaziba mdomo wa mfereji kutoka majini, bila kulazimika kuingia ndani ya seli. Suuza, na mkondo hurudi ndani ya dakika. Mkondo unaobaki chini ya amiloridi uandike kila mara: si sodiamu inayopitia mifereji hii, na lazima utolewe kwenye hesabu. Katika figo za binadamu dawa hii huzuia mifereji ya jamii hiyohiyo, na ndiyo sababu hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa shinikizo la damu.

Uabaini, milimola 0.1 hadi 1, upande wa ndani. Mkondo hushuka taratibu, kwa makumi ya dakika. Pampu inazimwa mapema zaidi ya hapo. Kinachochelewa ni dawa kupenya tishu unganishi, kisha sodiamu kujaa ndani ya seli na potasiamu kuvuja. Haioshwi kirahisi, kwa hiyo iwe dawa ya mwisho ya siku. Inatoka kwenye miti ya Acokanthera, ileile ambayo Wawata wa Tsavo walichemshia sumu ya mishale ya kuwindia tembo. Kinachosimamisha moyo wa tembo na kinachozima mkondo wa ngozi ya chura ni kitendo kimoja juu ya pampu moja. Vaa glavu, usivute dawa kwa pipeti ya mdomo, usiache chupa bila lebo.

Hatua ya 6: Homoni

Vasopresini, miliuniti 20 hadi 100 kwa mililita, upande wa ndani, kwa kuwa vipokezi vyake viko huko. Mkondo hupanda ndani ya dakika chache. Kipokezi huchochea AMP ya mviringo, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli, nayo huongeza idadi ya mifereji iliyo wazi kwenye utando wa nje. Angalia umbali huo: ujumbe umeingia mlango wa nyuma na matokeo yametokea mlango wa mbele. Kila kilicho katikati ya seli kinaweza kuukatiza.

Aldosteroni ni habari nyingine. Inapita hadi kwenye kiini, na protini mpya lazima zitengenezwe. Tarajia ukimya wa karibu saa moja kabla ya mkondo kuanza kupanda. Aktinomisini D, inayozuia uandikaji wa RNA, huuzuia mpando huo. Anayezima mashine baada ya nusu saa ataandika kwamba aldosteroni haifanyi kitu.

Hatua ya 7: Vuruga kiunzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo haraka inapoharibu zaidi.

Kolkisini hushika tubulini iliyo huru na kuizuia isijiunge kuwa maikrotubuli. Haizivunji nyuzi zilizokwisha jengwa. Inangoja ziporomoke zenyewe. Kujishikiza kwake ni kwa polepole, na huwa polepole zaidi kwenye ubaridi. Kwa nyuzi 20 ipe saa mbili hadi nne, mikromola 10 hadi 100, upande wa ndani. Usihifadhi ngozi kwenye barafu kabla ya jaribio hili: ubaridi peke yake hubomoa maikrotubuli, na nusu yako ya kulinganishia itakuwa imeguswa pia.

Tumia vilinganishi vitatu. Cha kwanza ni kiyeyushi pekee. Cha pili ni lumikolkisini, yaani kolkisini iliyobadilishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Inafanana nayo karibu kila kitu ila haishiki tubulini, hivyo ikileta athari ileile, basi maikrotubuli hazihusiki. Cha tatu ni dawa ya ukoo mwingine yenye shabaha hiyohiyo, kama vinblastini. Dawa mbili zisizofanana kikemia zikisema jambo moja, una haki ya kuanza kuamini.

Kwa aktini kuna sitokalasini, dawa inayovuruga nyuzi zake, mikromola 20 hivi, iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi cha DMSO. Aina ya B ina kasoro moja kubwa: huzuia pia wabebaji wa glukosi. Tumia aina ya D ukiweza. Na sasa rudi kwenye ile namba ya upitishaji. Mshipi wa aktini ndio unaovishikilia viungio vilivyobana. Ukilegea, upitishaji hupanda kwa sababu ioni zinapenya kati ya seli. Uvujaji huo haubebi mkondo halisi wakati volteji ni sifuri na mimumunyo ni sawa, lakini kosa dogo la klampu sasa linazaa mkondo bandia mkubwa. Mkondo ukibadilika huku upitishaji ukiwa umeruka mara mbili au tatu, usiandike chochote kuhusu mifereji.

Wala usidhani aktini ni kizuizi tu. Mwaka 1991 Horacio Cantiello na wenzake walichunguza seli za A6, zinazotokana na figo ya chura wa Afrika, Xenopus. Sitokalasini D iliiamsha mifereji ya sodiamu, na vipande vifupi vya aktini viliiamsha pia. Kwa hiyo dawa ileile inaweza kupandisha mkondo kupitia mfereji na kuharibu kizuio kupitia viungio, vyote kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Tafuta mahali palipokatika

Tuseme nusu yenye kolkisini inajibu vasopresini kwa udhaifu kuliko mwenzake. Usikimbilie kusema maikrotubuli husafirisha mifereji. Uliza maswali mawili kwa mkono wako.

Kwanza, tia foskolini ya mikromola 10, inayozalisha AMP ya mviringo bila kupitia kipokezi, au aina ya AMP ya mviringo inayoweza kupenya utando. Kwa kufanya hivyo unaruka kipokezi. Jibu likirudi kuwa kamili kwa AMP yenyewe, kasoro iko kabla yake. Likibaki dhaifu, kasoro iko mbele, karibu na utando wa nje au kwenye pampu.

Pili, tofautisha hivyo viwili kwa nistatini upande wa nje. Dawa hii ya fangasi hutoboa utando wa nje ili sodiamu iingie bila kuhitaji mifereji. Mkondo unaopatikana unategemea uwezo wa pampu. Nusu zote mbili zikifikia kimo kimoja, pampu ni nzima na tatizo ni uingiaji. Kwenye mmumunyo wa kloridi seli zinaweza kuvimba. Kubadilisha kloridi kwa salfeti husaidia.

Mfano bora wa kutenganisha mambo kwa njia hii unatoka kwenye kibofu cha mkojo cha chura, tishu inayosafirisha sodiamu kwa utaratibu unaofanana na wa ngozi. Vasopresini huko hufanya mambo mawili: huongeza sodiamu inayovuka, na huongeza maji yanayovuka. Mwaka 1973 Ann Taylor na wenzake walionyesha kwamba kolkisini, vinblastini na sitokalasini B hupunguza sana jibu la maji. Jibu la sodiamu halikuzuiwa na kolkisini kwa namna hiyo. Homoni moja, seli ileile, kipokezi kilekile, lakini njia zimegawanyika. Leo tunajua kwamba mifereji ya maji huletwa kwenye utando ikiwa ndani ya vifuko vinavyosafiri kwenye kiunzi, ilhali sehemu kubwa ya jibu la haraka la sodiamu inaweza kutoka kwenye mifereji iliyokwisha kuwapo. Ndiyo maana ninasisitiza: ukipima tokeo moja tu la dawa, unaweza kutoa hukumu isiyo ya kweli juu ya sehemu nzima ya seli. Ukiwa na mizani ya kupima maji yanayovuka, pima maji pia.

Hatua ya 9: Hesabu

Mkondo wa mikroampea 1 ni sawa na nanomoli 37.3 za ioni yenye chaji moja kwa saa. Ikiwa ngozi ina mikroampea 32 kwa sentimita ya mraba na 2 zinabaki chini ya amiloridi, sodiamu inayovuka ni 30 × 37.3, karibu mikromoli 1.1 kwa sentimita ya mraba kwa saa. Toa kila mara salio la amiloridi kabla ya kulinganisha. Linganisha nusu na nusu ya chura mmoja, kisha fanya takwimu juu ya tofauti hizo. Idadi ya sampuli ni idadi ya vyura, si ya vipande vya ngozi.

Katika daftari andika upande, kiwango, kiyeyushi, joto, saa ya kutia dawa na saa ya kusoma.

Hatua ya 10: Usafi, kwa sababu ya fangasi

Kipimo hikihiki kilieleza kwa nini vyura wanakufa duniani. Mwaka 2009 Jamie Voyles na wenzake walionyesha, kwa chura wa kijani wa Australia, kwamba fangasi Batrachochytrium dendrobatidis hupunguza upitishaji wa ioni kwenye ngozi kwa zaidi ya nusu. Sodiamu na potasiamu za damu hushuka, na moyo husimama. Fangasi huyo alikutwa pia kwenye Korongo la Kihansi, Tanzania, wakati chura mdogo wa hapo alipoporomoka ghafla mwaka 2003, miaka michache baada ya bwawa la umeme kupunguza maporomoko yaliyokuwa yakiyanyunyizia maji makazi yake. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na waliozalishwa Marekani wakaanza kurudishwa korongoni mwaka 2012.

Kwa hiyo maji ya chombo cha vyura yasimwagwe mtoni wala kwenye mtaro. Yatibu kwa klorini kwanza. Vyombo, nyavu na buti vilowekwe kwenye klorini na kukaushwa kabisa kabla ya kwenda bwawa lingine, na chura aliyekwisha kuingia maabara asirudishwe porini. Mimumunyo yenye uabaini, kolkisini na sitokalasini ikusanywe kwenye chupa ya taka za sumu yenye lebo; klorini haitoshi, na sinki si mahali pake.